Tahadhari: kuna jamaa anauza antibodi feki ya Anaplasma hapa Nairobi

Wasee wa maabara, hasa nyinyi wa magonjwa ya kupe, someni hii kabla hamjatuma pesa. Kuna jamaa hapa Nairobi anajiita msambazaji wa rijenti, yaani vitu vya kupimia maabara, na ameniuzia antibodi (protini inayoshika kitu kimoja maalum, tunaitumia kukitafuta kwa sampuli) ambayo haina antibodi. Sisemi haifanyi kazi vizuri, nasema ndani hamna kitu, na nitawaambia nilijuaje.

Mimi niko kwa mradi wa damu za ng'ombe wa Kajiado, tunatafuta Anaplasma marginale, hiyo bakteria inaletwa na kupe na inakaa ndani ya seli nyekundu pale pembeni, ugonjwa wake wafugaji wengine wanauita ndigana baridi. Protini tunayofuata inaitwa MSP5, uzito wake kilodaltoni 19, iko kwa ngozi ya nje ya bakteria na haibadilikibadiliki kama wenzake MSP2 na MSP3, ndio maana watu wanaipenda kwa vipimo. Antibodi yetu ya zamani ilikuwa imebaki matone na ukiagiza nje ni kungoja wiki sita, nane, halafu uanze kukimbizana na watu wa kuklia mzigo JKIA. Sasa mtu akikwambia stoki iko hapa hapa tao, "kesho asubuhi naleta dokta," utakataa? Mimi hata si dokta, niko masters, lakini niliskia vizuri kuitwa hivyo.

Bei ilikuwa 46,000, nusu kwanza. Nikatuma 23,000 kwa M-Pesa na jina lililotokea ni la mtu binafsi, si kampuni. Nikauliza, akasema ati till ya kampuni inasumbua leo. Nikakubali, ujinga wangu mwenyewe.

Ikaletwa na boda, ndani ya bahasha ya khaki ya kemisti, kichupa kimoja na aisi paki moja ishayeyuka, iko vuguvugu. Nikampigia kabla sijamalizia ile nusu ingine, akaniambia antibodi inavumilia joto siku kadhaa za safari, na shida ni kwamba hapo hakudanganya, nyingi zinavumilia kweli. Huyu jamaa anajua kidogo, na hiyo kidogo ndiyo anatupatia nayo. Nikamalizia.

Kesho yake asubuhi nafungua friza nakuta kichupa kimeganda jiwe. Sasa datashiti inasema imewekwa kwa gliserini asilimia 50, na kitu chenye gliserini nusu kwa nusu hakigandi kwa -20, kinabaki majimaji mazito hivi kama asali nyepesi. Nikakigonga kwa meza, tok tok. Ndio nikarudi kwa WhatsApp kuisoma hiyo datashiti vizuri mara ya kwanza (alikuwa ameituma siku mbili kabla sijalipa, mimi niliangalia bei tu), na picha ya blot (kipimo cha kupanga protini kwa uzito, halafu antibodi inaonyesha yake kama mstari, ndio bendi) inaonyesha bendi kwa 41. Wapi 41 na wapi 19? 41 ni flajelini, protini ya mkia wa kuogelea, ya bakteria Borrelia, ile ya ugonjwa wa Lyme, na Anaplasma haina hata flajela, haiogelei kwenda popote. Amechukua karatasi ya bidhaa ingine akabadilisha jina hapo juu.

Bado nikaendesha blot, moyo haukutaka kuamini. Sampuli ni ile ile, ng'ombe ambaye kwa slaidi ya damu iliyopakwa rangi ya Giemsa tulishaona vidoti vya bakteria, membreni moja (karatasi ya blot) nikaipa antibodi ya zamani na ingine hii mpya. Ya zamani ikatoa bendi 19 safi, mpya ikatoka nyeupe pe. Nikaiongeza mara kumi, nyeupe.

Sasa hii ndio mtu yeyote anaweza kufanya mchana mmoja bila kupoteza sampuli. Kata kipande cha nitroselulosi, hiyo hiyo karatasi ya blot, dondosha mikrolita moja ya antibodi yenyewe, iache ikauke, bloki na maziwa, weka sekondari ya HRP, yaani antibodi ya pili yenye kimeng'enya, inayoshika antibodi zilizotengenezwa kwa panya, halafu sabstreti ya kuiwasha. Kama ni antibodi ya panya kweli doti lazima iwake, haijalishi inatafuta protini gani. Ya zamani iliwaka mpaka katikati ikaungua, yangu ya 46,000 kimya. Nikaipitisha pia kwa jeli inayopanga protini kwa uzito na kuipaka Coomassie, rangi ya kuonyesha protini zote. Antibodi ukiichemsha na merkaptoethanoli, kemikali ya kukata viungo vyake, inaachana vipande, unapata bendi ya 50 na ya 25. Mimi nilipata bendi moja nono hivi kwa 66. Watu wa protini mshajua, hiyo ni BSA, albumini ya damu ya ng'ombe. BSA kuwa ndani si kosa, kampuni nyingi huiweka ili antibodi isiharibike, lakini hizo 50 na 25 zimeenda wapi? Kopo zima la BSA tunalo kwa friji hapo nyuma yangu. Yaani natafuta ugonjwa wa ng'ombe nauziwa damu ya ng'ombe.

Kampuni ya nje ambayo jina lake liko kwa lebo niliiandikia na nambari ya loti, wakajibu hiyo loti si yao. Lebo yenyewe ukiikwaruza na ukucha kuna ingine chini, nambari ya katalogi imepakwa wino mweusi.

Nilipompigia akasema labda ni protokoli yetu, halafu akaniblock. Nikaenda kwa hiyo ofisi yake, jengo moja karibu na River Road ghorofa ya tatu, mlango una kufuli, na mama wa saluni ya kando akaniambia, "Wewe ni wa nne mwezi huu mwanangu, keti upumzike." Risiti aliyonipa ni ya mkono, uhasibu wanataka ya eTIMS, ule mfumo wa KRA, ndio wafunge impresti (pesa ya kazi niliyochukua), kwa hivyo inakatwa kwa alawansi yangu ya fildi. Polisi nimeandikisha, nina nambari ya OB. Jina siweki kwa sababu kesi iko polisi na vilevile analibadilisha, kwa mwenzangu wa labu ingine alikuwa na jina tofauti kabisa, sauti ile ile, "dokta" ile ile.

Ukiwa unanunua kwa mtu yeyote hapa mjini itisha picha ya loti kabla hujalipa na umwandikie mwenye kutengeneza mwenyewe, mimi nilijibiwa kwa siku mbili tu, na ulipe kwa akaunti yenye jina la kampuni. Na kama tayari una kichupa chenye lebo mbili kwa friza yako, niandikie inboksi, ulete mikrolita mbili hapa Kabete tuifanyie doti, sekondari ni yangu.