Kipimo cha mwili mzima, na presha hawakupima

Hasira hizi nimekaa nazo sana, acha nizitoe. Miezi kadhaa iliyopita nilimpeleka mama, ana miaka 71, kwenye kliniki moja hapa Dar inayojitangaza kwamba inawafanya wazee waishi miaka mingi bila maradhi. Mapokezi mazuri, kiti laini, maji ya kunywa, shikamoo kila kona. Hadi hapo nilishawapa maksi zote.

Mama akashikishwa kijiti cha chuma chenye waya wa kwenda kwenye kompyuta. Haikupita muda, karatasi zikaanza kutoka: ini limechoka, mifupa imepungua madini, mishipa ya kichwa imeziba. Nikauliza, "Dada, kijiti cha mkononi kinaonaje mishipa ya kichwani?" Akanijibu bila kuinua uso, "Kaka, hii teknolojia huwezi kuielewa."

Nikanyamaza, na kunyamaza kule kunaniuma mpaka leo. Maana mama alipotoa amlodipine, vidonge vyake vya presha, kwenye mkoba, yule dada aliisukuma pakiti pembeni kwa ncha ya kalamu, kama uchafu. "Bibi, hizi za hospitali zinaua figo. Zipumzishe, tumia virutubisho vyetu." Makopo matatu, laki tatu na nusu. Na muda wote ule hakuna hata mmoja aliyemfunga mama kipimo cha presha!

Presha ndiyo inayowapiga wazee wetu kiharusi, na ukiiacha bila dawa, ndiyo hiyohiyo inayoua figo. Wiki chache baadaye mama akasema kisogo kinamgonga. Tukakimbilia dirisha la wazee, hospitali ya serikali: presha 196 kwa 112. Akarudishwa kwenye vidonge vyake vilevile. Daktari akamwambia pia ainuke kwenye kiti bila kushika popote, atembee mita tatu, ageuke, arudi kukaa, daktari mwenyewe macho kwenye saa, aone kama yuko kwenye hatari ya kuanguka. Hicho ndicho kipimo nilichokuwa nakitafuta, na hakina hata waya.

Nilitaka niseme msiende kabisa. Lakini haki yao niwape: kule walimsikiliza mama karibu saa nzima, goti, usingizi, upweke tangu baba afariki. Hospitali tulipanga foleni toka saa moja asubuhi, tukaonwa dakika chache. Sasa mama ananiuliza tutarudi lini kwa yule binti. Haturudi. Makopo mawili hayajafunguliwa, nataka hela yangu, na simu hawapokei.