Ripoti inasema nimepata faida, fedha zangu zimepungua

Bado nina hasira, kwa hiyo mnivumilie. Kampuni inayosimamia uwekezaji wangu ilibadilisha mfumo wa taarifa za wateja miezi kadhaa iliyopita. Tuliahidiwa uwazi. Tukaletewa tovuti iliyojaa grafu, na juu kabisa, kwa maandishi makubwa ya kijani, asilimia ya faida. Nikafurahi. Kisha nikashuka chini kwenye salio, nikakuta ni dogo kuliko jumla ya fedha nilizoweka kwa mkono wangu.

Nikapiga simu. Aliyepokea hakuuliza hata akaunti yangu ina nini. "Mama, mfumo haukosei. Labda hujui kuusoma." Nikamwomba anisomee basi yeye. Akasema maelezo yako ukurasa wa mwisho, akakata simu.

Nimeusoma huo ukurasa wa mwisho. Kwa herufi ndogo ndogo wameandika kwamba faida imepimwa kwa kuzingatia muda, kabla ya kutoa ada. Maana yake ni hii. Tuseme umeanza na 1,000, zikapanda kwa asilimia 20 zikawa 1,200. Ukavutiwa, ukaongeza 5,000, jumla 6,200. Soko likaanguka kwa asilimia 10, ukabaki na 5,580. Umeweka 6,000, umepoteza 420. Lakini kwa kipimo chao, kupanda kule na kushuka huku vinazidishwa bila kujali ni fedha kiasi gani zilikuwemo wakati huo, yaani 1.2 mara 0.9 ni 1.08, na jibu linatoka faida ya asilimia 8. Kijani!

Sikatai kwamba kipimo hicho kina sababu ya haki. Meneja haamui mimi niweke fedha lini, kwa hiyo asihukumiwe kwa tarehe zangu. Ndiyo maana viwango vya GIPS, ambavyo mameneja wa uwekezaji hutumia kuonyesha matokeo yao, kwa kawaida hutaka kipimo hicho. Sawa. Ila hilo ni jibu la swali la meneja. Swali langu mimi ni fedha zangu zimefanya nini, na kipimo chake kipo, kile kinachozingatia kiasi kilichowekwa na siku kilipoingia. Kwenye tovuti yao nimekitafuta kila kona, hakipo.

Na hizo ada! Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu 2018 kanuni za huduma za uwekezaji ziitwazo MiFID II zinataka mteja aonyeshwe jumla ya gharama, kwa fedha taslimu na kwa asilimia. Mimi nimeonyeshwa asilimia tu, tena kwa mwaka, nikokotoe mwenyewe.

Nilikuwa tayari kutoa kila kitu nihame. Ndipo kijana mmoja wa idara ya wateja akajibu barua pepe yangu. Hakujitetea. Aliambatisha ukurasa mmoja: salio la mwanzo, nilizoweka, nilizotoa, gawio na riba, ada, mabadiliko ya bei, salio la mwisho. Kila kitu kikajumlika. Nilikaa nikiutazama ukurasa ule kwa raha ambayo sikuitegemea, na kwa saa nzima niliwasamehe wote.

Kisha nikasoma tena maneno yake. Anauandaa kwa mkono, kwa kila mteja anayelalamika, kwa kuwa mfumo mpya hautoi ukurasa huo. Kumbe takwimu wanazo! Wamelipia rangi, wakaacha hesabu, na mzigo wakamtwisha kijana.

Nilikuwa nimeweka nyota tatu. Nimezipunguza hadi mbili, na zote mbili ni za huyo kijana. Mfumo siupi hata moja. Fedha sijahamisha bado, nasubiri ripoti ijayo. Kama nawe umewekeza mahali penye mfumo wa namna hii, omba ukurasa huo kwa maandishi, na utaje wazi kwamba unataka faida baada ya ada, iliyopimwa kwa fedha zako mwenyewe.