Road Rash na mrithi wake: uzoefu wangu na gemu la pikipiki na ngumi

Ukiniuliza gemu gani la mbio nimelipenda kuliko yote, sitataja la magari. Nitataja Road Rash, lile la kompyuta la mwaka 1996, ambalo unashindana kwa pikipiki huku unachapana ngumi na wenzako kwenye spidi kali. Hivi karibuni nimelirudia, nikalicheza sambamba na Road Redemption, ambalo wengi wanasema ndilo mrithi wake.

Kwa asiyelijua: kampuni ya Electronic Arts walitoa la kwanza mwaka 1991 kwenye mashine ya gemu ya Sega Mega Drive. La pili la 1992 likaja na minyororo ya kupigia, nitro ya kuongeza spidi ghafla na nafasi ya watu wawili kucheza kwenye skrini moja. Mwaka 1994 likasukwa upya kwa mashine ya 3DO, kisha hilohilo likapelekwa kwenye mashine za PlayStation na Saturn, na kwenye kompyuta za Windows 95. Sisi tulilijua hilo la Windows, kwenye CD za kuchoma na baadaye flashi, likihama kutoka kompyuta ya ofisi ya mtu hadi ya chuo hadi ya kafe ya intaneti bila yeyote kuuliza limetoka wapi. Nakala yetu ilikuwa imenyofolewa video na nyimbo ili iwe nyepesi, kwa hiyo kwa miaka mingi sikujua kama gemu lenyewe lilikuja na nyimbo za bendi za roki, Soundgarden na Monster Magnet. Nilipopata nakala kamili nikagundua nyimbo hizo zinapigwa kwenye menyu na kwenye video tu. Ukiingia barabarani unapewa muziki mwingine wa kawaida kabisa. Hatukupoteza mengi, ingawa zile video za jamaa kudakwa na polisi zinanichekesha mpaka leo.

Barabara zenyewe ni tano, zote za California: mjini, Peninsula, Pacific Highway, Sierra Nevada na Napa Valley. Unaanza na mkweche, ukishinda unalipwa, hela ikitosha unaenda kununua pikipiki ya maana. Hapo hakuna la ajabu.

Utamu uko kwenye mkono. Mpinzani anakuja ubavuni kwako na rungu, analiinua. Ukirusha ngumi mapema unachapwa, ukichelewa umeshachapwa. Ukimpatia pale pale mkono wake unapokuja, rungu linahamia kwako na yeye anabaki mikono mitupu, bado yuko pembeni yako, na sasa zamu ni yako. Enzi zile, mtu akifanikiwa kupokonya rungu, waliopanga foleni nyuma ya kiti walishangilia kuliko akishinda mbio zenyewe. Teke nalo lina kazi yake. Mimi silitumii kumuumiza mtu, nalitumia kumsukumia upande wa pili wa barabara, ambako kuna gari linakuja. Na hapo ndipo ubora wa gemu hili ulipo: kila sekunde unayomtazama adui ni sekunde ambayo huitazami barabara, na gari linalokuja mbele halina ugomvi na wewe wala halikwepeshi.

Ukianguka, hurudishwi barabarani kimuujiza. Pikipiki inaserereka kivyake huko mbele, wewe unabingirika, unaamka, unaanza kuikimbilia kwa miguu. Wote uliowachapa wanakupita. Ukikatiza barabara vibaya, gari linakuzoa tena. Nilimpa mpwa wangu ajaribu, yeye amezoea magemu ya simu, alicheka hadi akaweka kibodi chini, halafu akaniuliza, "Anko, kitufe cha kurudi kiko wapi?" Nikamwambia akimbie.

Halafu kuna hela. Trafiki akikukuta umeanguka, ni faini. Pikipiki ikiharibika kabisa, unalipia matengenezo. Huna cha kulipa, mchezo umeishia hapo. Kwa hiyo mtu mwenye mfuko mwembamba anaendesha tofauti na tajiri, anafikiri mara mbili kabla ya kumchokoza polisi. (Nikipita Mikumi kwenye basi, pale wanapotoza faini ukigonga mnyama, huwa nawaza jinsi ile barabara ingefaa kwenye gemu hili.)

Mabaya yapo. Picha zimechakaa, waendesha pikipiki wanaonekana kama vibandiko vilivyokatwa kwa mkasi. Ngazi za juu barabara inakuwa ndefu mno, na kwenye spidi ya mwisho gari la mbele unaliona wakati limeshakugonga. Kwenye laptop yangu ya sasa liligoma kufunguka hadi nilipocheza na mipangilio, na hata lilipokubali, rangi za menyu zilivurugika. Bado nilikaa nalo hadi usiku.

Road Redemption ni hadithi nyingine. Watengenezaji wake walichangisha fedha kwa watu kupitia tovuti ya Kickstarter mwaka 2013, gemu likakamilika 2017. Vipigo vyake vina uzito, mabomba na mapanga yanasikika, kichwa cha mtu kinaweza kuruka, na watu wanne mnaweza kugawana skrini. Kama una wenzako sebuleni, usiku wenu utapita vizuri sana. Lakini walishindwa kujizuia. Kuna bunduki, kuna mabomu, kuna mbio za juu ya mapaa ya maghorofa, kuna magari yanayodondoka kutoka angani. Ukifa unaanza safari upya, huku ukiongezewa nguvu kidogo kidogo. Inanoga, sikatai, ila nikishika bunduki sina tena sababu ya kumsogelea mtu, na mbio hizi bila kusogeleana ni ulengaji shabaha tu. Ile barabara ya kawaida, yenye watu wanaoenda zao kazini, imefifia.

Yale ya kwenye simu siyahesabu. Niliyojaribu yanakuachia umpige mtu mmoja, kisha unaletewa tangazo.

Electronic Arts hawajatoa Road Rash jipya tangu lile la Game Boy Advance la 2003. Jina bado lina wenyewe, ndiyo maana wengine wote wanalazimika kutengeneza la kufanana. Wakiamua kulifufua, naomba wasianzie kwenye picha. Picha nzuri kila mtu anazo siku hizi. Waanzie kwenye ule umbali wa mkono mmoja kati yangu na adui, silaha ziwe chache na za kupokonyana, magari yaje mbele kwa wingi, faini iume. Wasiniuzie rungu kwa hela halisi. Waturudishie na skrini ya watu wawili, maana hata 1992 iliwezekana.

Kwa sasa, Road Redemption linunue likishuka bei, na ulicheze kwa pedi ya gemu badala ya kibodi. Kama laptop yako haina kadi ya grafiki, shusha ubora wa picha mapema, la sivyo kwenye mapaa litakwama vibaya na utadondoka kabla hujamgusa mtu.