NetLogo: programu ya bure ya kutazama kanuni chache zikizaa mambo makubwa

Mwalimu wa sayansi, mwanafunzi wa chuo, au mtu yeyote aliyewahi kujiuliza ni nani anayewaamuru sisimizi wapange mstari hadi kwenye sukari, atafaidika na NetLogo, na ninaipendekeza bila kusita, ila kwa sharti moja nitakalolieleza mbele. Programu hii ilitungwa na Uri Wilensky mwaka 1999, na hadi leo inaendelezwa katika Chuo Kikuu cha Northwestern nchini Marekani. Haiuzwi. Unaipakua mara moja, unaisakinisha, na baada ya hapo inafanya kazi bila intaneti, jambo ambalo kwa shule zetu nyingi lina uzito kuliko sifa nyingine yoyote.

Ukiifungua unakuta uwanja mweusi uliogawanywa katika viraka vidogo vya mraba, na juu yake wanatembea viumbe ambao programu inawaita kobe, jina lililorithiwa kutoka lugha ya Logo iliyobuniwa miaka ya 1960 kwa ajili ya kuwafundisha watoto kompyuta. Kobe anaweza kusimama mahali pa ndege, gari, molekuli au mtu. Kila mmoja hupewa kanuni chache za kufuata, na kwa kawaida anachokijua ni kile tu kilicho jirani naye. Anayeuona uwanja mzima ni wewe uliyeketi mbele ya kioo, nawe huna kazi nyingine ila kubonyeza kitufe cha kuandaa, kisha cha kuanzisha, na kutazama.

Maktaba ya modeli, yaani maigizo ya kompyuta ya mambo halisi, zilizokwisha kutengenezwa ndiyo hazina yenyewe, na ya kuanza nayo ni ile ya sisimizi. Katikati ya uwanja kuna kichuguu, na pembeni kuna mafungu matatu ya chakula yaliyo mbali kwa viwango tofauti. Sisimizi asiye na mzigo huzurura ovyo. Akigusa chakula hubeba chembe moja, hugeuka, na kurudi nyumbani huku akidondosha kemikali yenye harufu. Mwenzake akiinusa harufu hiyo, hugeukia upande inakozidi. Kanuni zimeishia hapo, lakini baada ya muda mfupi unaona njia nyeupe ikichorwa kutoka kichuguuni hadi kwenye chakula, na mara nyingi fungu la karibu humalizwa kwanza, kisha la pili, kisha lile la mbali kabisa, kana kwamba kuna msimamizi aliyepanga zamu. Ukisoma msimbo wote, yaani amri zinazoiendesha modeli, hutakuta mstari unaowaamuru sisimizi waanze na fungu la karibu wala unaopanga zamu.

Utamu unazidi unapoanza kuchezea vipimo. Punguza kasi ya harufu kuyeyuka hadi sifuri, na njia za zamani zitabaki hata baada ya chakula kwisha, sisimizi wakizidi kuvutwa kwenda mahali patupu. Ipandishe mno, na njia haiwahi kushika kwa sababu harufu hupotea kabla mwingine hajafika. Hapo mwanafunzi anaelewa kwa macho yake kwamba kusahau ni sehemu ya akili ya kundi, somo ambalo ubaoni lingechukua vipindi kadhaa na pengine lisiingie.

Modeli ya moto wa msituni inastahili nafasi yake pia. Unachagua asilimia ya viraka vyenye miti, moto unawashwa ukingo wa kushoto, na kila mti unaowaka huambukiza majirani wake wanne tu. Miti ikiwa asilimia 50, moto huzimika karibu na ulipoanzia. Ikiwa asilimia 70, msitu karibu wote huteketea. Mabadiliko hayaji polepole kama mtu angetarajia, bali hutokea ghafla karibu na asilimia 59, na mwanafunzi anaweza kuutafuta mpaka huo mwenyewe kwa kusogeza kipimo hatua kwa hatua. Modeli ya makundi ya ndege inatumia kanuni alizozieleza Craig Reynolds mwaka 1987, yaani kila ndege ajilinganishe na mwelekeo wa jirani zake, awasogelee, na asigongane nao, na matokeo yake yatamkumbusha mtu yeyote aliyelinda shamba la mtama Dodoma au Singida makundi ya kwelea kwelea. Ile ya magari nayo ni nzuri: magari yanakwenda mbele, foleni inarudi nyuma, na hakuna ajali wala trafiki aliyeisababisha.

Sasa sharti. Picha hizi zinavutia kiasi kwamba ni rahisi kuamini kuwa maumbile yenyewe yanafanya hivyohivyo, ilhali modeli inaonyesha tu kwamba kanuni fulani zinatosha kuzaa tabia fulani, si kwamba ndizo zinazotumika. Sisimizi wa NetLogo, kwa mfano, hurudi nyumbani kwa kufuata harufu ya kichuguu ambayo mtunzi ameitandaza uwanja mzima tangu mwanzo, wakati sisimizi wa jangwani huko Sahara hurudi kwa kutumia mwanga wa anga na kwa namna ya kuhesabu hatua zao. Maelezo yanayoambatana na modeli yanakiri tofauti hiyo na kumwalika msomaji ajaribu mbinu nyingine, lakini ni wangapi wanaosoma maelezo? Mwalimu asiyelisema hili darasani atakuwa amefundisha mchezo wa kompyuta badala ya biolojia.

Kikwazo kingine ni lugha. Maelezo ya modeli na amri za msimbo ni kwa Kiingereza, ingawa amri zenyewe ni fupi na mtu hujifunza zile za msingi kwa haraka. Ningeshauri mwanafunzi asianze kwa kuandika modeli mpya, bali afungue iliyopo, abadilishe mstari mmoja, na aone kinachoharibika. Kwa asiyetaka kusakinisha chochote, lipo toleo linalofunguka ndani ya kivinjari. Lina modeli nyingi zilezile, ila baadhi ya nyongeza za toleo la kompyuta hazimo, na modeli yenye kobe maelfu inaweza kwenda kwa kusuasua.