Badala ya sukari, ununue nini Mombasa? Vitamu vya sokoni na dukani, kuanzia cha kwanza hadi cha mwisho

Ingia supamaketi yoyote ya Nyali utakuta rafu nzima ya vitu vinavyojitapa kuwa bora kuliko sukari: stevia, shira ya agave, vidonge vya kutumbukiza kwenye chai, asali ya chupa ya kioo yenye picha ya nyuki. Teremka Marikiti uone upande wa pili: asali ndani ya chupa za maji, mabonge ya sukari guru, tende za kilo na za pakiti. Huku na kule wauzaji wana neno moja, kwamba mali yao ni ya asili. Neno hilo halikusaidii kuchagua. Miwa nayo ni ya asili.

Kipimo ninachotumia mimi ni kile cha Shirika la Afya Duniani. Mwaka 2015 lilishauri sukari huru isizidi asilimia 10 ya nishati tunayokula kwa siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Kwa mtu mzima anayekula kalori 2,000, asilimia 10 ni gramu 50, na asilimia 5 ni gramu 25, yaani kama vijiko 6 vya chai. Katika hiyo sukari huru wamehesabu asali, shira za kila aina, na juisi ya matunda hata uliyoikamua mwenyewe. Iliyobaki ndani ya tunda zima hawakuihesabu.

Sasa piga hesabu ya nyumbani. Chai ya asubuhi vijiko viwili, ya saa nne viwili, ya alasiri viwili. Sita vimekwisha, na bado hujagusa sharubati ya ukwaju wala kaimati zilizolala kwenye shira. Kwa hiyo kila kitu hapa chini nimekipima kwa swali moja: ukikinunua, je, mwisho wa siku utakuwa umekula sukari kidogo zaidi? Bei na urahisi wa kutapeliwa vinafuata.

1. Tende nzima

Wazee wa Mji wa Kale wamelimaliza suala hili zamani bila kusoma mwongozo wowote. Kahawa tungu hunywewa tungu, kwa kikombe kidogo, na utamu hukaa pembeni: tende, kashata, au kipande cha halua. Sukari haiingii kikombeni, na mtu hujua ametafuna ngapi.

Tende si nyepesi, tusidanganyane. Medjool moja, aina ya tende kubwa, ya gramu 24 ina sukari kama gramu 16 na kalori 66. Tende ndogo mbili na vijiko viwili vya sukari havipishani sana kwa gramu. Tofauti ni kwamba tende inakuja na nyuzinyuzi na potasiamu, huipandisha sukari ya damu taratibu kuliko sukari ya mezani, na meno yanafanya kazi. Ni vigumu kula tende kumi bila kujua. Vijiko kumi ndani ya chai tatu nne hupita hivi hivi.

Wakati wa kununua, soma upande wa nyuma wa pakiti. Baadhi ya tende zilizobanwa hupakwa shira ya glukosi ili zing'ae na zisikauke. Orodha ya viambato ikiwa na neno zaidi ya tende, rudisha. Kwa zile za kupimiwa kilo, omba upasue moja mbele ya muuzaji uangalie ndani: wadudu hukaa karibu na kokwa, na nje hazioneshi kitu. Unga mweupe kwenye ngozi mara nyingi ni sukari yake yenyewe iliyoganda, lakini ukiona manyoya au ukasikia harufu ya kuchacha, hiyo imeharibika. Huhitaji Ajwa wala Medjool. Hizo ni za wageni na za zawadi. Tende za kawaida kutoka Ghuba au Iraq zinatosha kwa chai ya kila siku. Usingoje wiki ya kuandama mwezi wa Ramadhani ndipo ukanunue, bei wakati huo waijua. Na kwa unyevu wa hewa yetu, zifungie kwenye kopo na uziweke frijini, la sivyo utakula na sisimizi.

Shira ya tende ni jambo jingine. Ikishachujwa, nyuzinyuzi zimebaki kwenye kitambaa, nayo inaingia kundi moja na asali.

2. Viungo

Nimeweka nafasi ya pili kitu ambacho si kitamu, na siombi radhi. Iliki iliyopondwa papo hapo, mdalasini, tangawizi na vanila humfanya mtu aone chai ina utamu kuliko ilivyo. Ndiyo maana chai ya viungo inastahimili kijiko kimoja pale ambapo chai ya rangi kavu ingelilia viwili. Kati ya pesa zote utakazotumia kwa orodha hii, za iliki ndizo zitakazopunguza sukari bila ugomvi nyumbani. Punguza nusu kijiko kila wiki mbili. Ulimi huzoea, na watoto hawatagundua.

Nunua iliki ya maganda, kijani, si ya unga. Ya unga hupoteza harufu haraka, na huwezi kujua imechanganywa na nini. Kwenye mdalasini kuna jambo la kuangalia. Ule mnene, mgumu, uliojikunja mara moja tu ni kasia, na una koumarini nyingi, kitu kinachoweza kudhuru ini la mtu anayekula mdalasini kwa wingi kila siku. Ule mwembamba wenye tabaka nyingi kama karatasi zilizoviringishwa ni wa Ceylon, nao koumarini yake ni kidogo sana. Kwa kijiti kimoja ndani ya birika usihangaike, chukua wowote. Ila kama umeambiwa unywe kijiko cha unga wa mdalasini kila asubuhi "kushusha sukari", nunua wa Ceylon, au bora zaidi, usinywe kabla hujasema na daktari wako.

3. Asali

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Asali ni karibu asilimia 80 sukari, iliyobaki zaidi ni maji. Kijiko cha chai cha asali huwa na uzito wa gramu 7 hivi na kalori 21. Cha sukari ni gramu 4 na kalori 16. Anayetoa vijiko viwili vya sukari akaweka viwili vya asali ameongeza, hajapunguza. Faida iko kwa anayejua kwamba asali ni tamu zaidi, kwa ajili ya fruktosi yake, ile sukari ya matunda, akaweka nusu.

Kwa kikohozi haina haja ya kutetewa sana. Mwaka 2018 hata taasisi ya NICE ya Uingereza, inayowaandikia madaktari miongozo, ilishauri asali kwa kikohozi cha muda mfupi kabla ya kukimbilia antibayotiki. Lakini mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe kabisa, hata ya kupakwa ulimini kwenye arobaini. Inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu, na tumbo la kichanga halina uwezo wa kuwazuia.

Unajuaje kama ni halisi? Majaribio ya mtaani hayakufikishi mbali. Asali kuzama kwenye glasi ya maji, njiti ya kiberiti kuwaka, sisimizi kuikimbia: shira nzito ya sukari inaweza kufaulu mitihani hiyo, na asali halisi yenye maji mengi ikafeli. Kuganda nako si dalili ya kuchanganywa. Asali nyingi halisi huganda, iweke tu kwenye maji ya uvuguvugu. Dalili ninazoziamini ni povu juu na harufu kali ya uchachu, kwamba ilivunwa mbichi au imeongezwa maji. Kiwango cha kimataifa cha Codex hakiruhusu maji kuzidi asilimia 20 kwa asali za kawaida.

Kinachosaidia zaidi ni kuuliza. "Ami, asali hii yatoka wapi?" Mwenye mali hukutajia Mwingi, Baringo, au mizinga iliyo kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, na akakwambia ilivunwa lini. Anayejibu "ni ya msituni" akanyamaza, mshukuru uendelee na safari. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na wauza asali nao wana sifa nyingi mji huu. Kwa ya dukani, tafuta alama ya ubora ya KEBS. Namba iliyo chini ya alama unaweza kuitumia kwa ujumbe mfupi kwenda 20023 ukahakikisha ni ya kweli.

Asali iliyochanganywa na habat soda na kuuzwa kama dawa ya kisukari, pita mbali. Asali hupandisha sukari ya damu. Habat soda haitaiondoa humo.

4. Stevia

Kwa mwenye kisukari, hii inaweza kupanda hadi nafasi ya kwanza au ya pili, kwa kuwa haipandishi sukari ya damu. Mmea wenyewe asili yake ni Paraguay, na umewahi kulimwa na wakulima wa Kericho pia. Dondoo lake ni tamu mara 200 hadi 300 kuliko sukari, kwa hiyo kifuko cha gramu moja hakiwezi kuwa stevia tupu. Kuna kitu cha kujazia. Geuza pakiti uone ni kipi. Dekstrosi ni glukosi kwa jina lingine, na maltodekstrini haiko mbali. Erithritoli haipandishi sukari, ila utafiti uliotolewa mwaka 2023 uliihusisha na hatari kubwa zaidi ya kuganda kwa damu na mshtuko wa moyo. Uhusiano si uthibitisho, lakini mwenye maradhi ya moyo ana haki ya kuchagua ile ya matone.

Ladha yake ina uchungu fulani wa mwisho. Kwenye chai ya maziwa yenye tangawizi unafichika. Kwenye sharubati ya ndimu utausikia.

5. Sukari guru

Ni maji ya miwa yaliyochemshwa bila kuondolewa molasi. Madini ya chuma yamo, lakini ili upate ya maana ingebidi ule kiasi ambacho kingekuletea shida nyingine kabla. Ninainunua kwa ladha: uji wa wimbi wenye sukari guru na ndimu una kina ambacho sukari ya kawaida haifiki. Chukua bonge la kahawia iliyokolea. Lile la manjano linalong'aa sana huenda limepaushwa kwa kemikali.

6. Sukari ya kawaida, nyeupe au ya kahawia

Wako wanaojisifu wamehamia sukari ya kahawia kwa ajili ya afya. Hapa Kenya sukari ya kahawia ndiyo ya kila jikoni tangu hapo. Nyeupe safi nyingi huagizwa kwa ajili ya viwanda. Rangi hiyo ni mabaki ya molasi, kiasi kisichobadilisha lolote mwilini. Nunua ya bei nafuu yenye alama ya ubora, ipime kwa kijiko na si kwa jicho, basi.

7. Vidonge na shira ya agave

Vidonge vya aspatame na sukralosi havina kalori za kuhesabu, na kwa mwenye kisukari anayeshindwa kabisa kunywa chai isiyo na utamu ni msaada. Mwezi Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri vitamu visivyo na sukari, stevia ikiwemo, visitumike kama njia ya kupunguza uzito, kwa kuwa faida ya muda mrefu haionekani. Ushauri huo haukuwahusu walio na kisukari tayari. Mwezi Julai mwaka huo aspatame iliwekwa kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, huku kamati ya viambato vya chakula ikiacha kiwango cha zamani, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Watu wengi hawakaribii hapo. Tahadhari ya jikoni: aspatame hupoteza utamu ikichemshwa, kwa hiyo usiitie kwenye birika lililo motoni.

Agave ni ghali na sehemu yake kubwa ni fruktosi, ambayo kwa wingi hulielemea ini. Haipandishi sukari ya damu haraka, ndiyo sifa inayouzwa nayo. Sioni sababu ya kuinunua katika mji wenye tende.

Kama nyumbani kuna mgonjwa wa kisukari na kipimo cha sukari, usibishane naye kuhusu asali. Pima kabla hajanywa chai yake ya asali, pima tena saa mbili baadaye, siku nyingine mfanye vivyo hivyo kwa chai ya viungo na tende moja, kifungua kinywa kikiwa kilekile. Andikeni namba zote na mwende nazo kliniki, na dawa aendelee kumeza kama alivyoandikiwa.