TAHADHARI: Seti ya Maundy "kamili" iliyochomekwa peni tatu ya matumizi ya kawaida

Ni yuleyule muuza sarafu za zamani wa meza ya pembeni sokoni, hapa London. Safari hii ameleta Maundy ya 1882, yaani sarafu za fedha ambazo mfalme au malkia wa Uingereza huwagawia wazee siku ya Alhamisi Kuu: kisanduku chekundu, mwaka umepigwa kwa dhahabu kwenye kifuniko, ndani sarafu nne juu ya mahameli, za thamani ya peni nne, tatu, mbili na moja. Paundi 190. Anakushikisha, anawasha tochi ya simu, anaimulika ile peni nne inayometa kama kioo. "Hii imetoka familia moja, haijaguswa." Macho yote kwa ile kubwa, mkono mfukoni, hela imekwenda. Aibu iliyoje, tena kwa watu tunaojifanya tunazijua.

Kuamini kulikuwa na sababu. Mizani ilisoma sawasawa: gramu 1.9, 1.4, 0.9 na 0.5 hivi. Fedha ni ya kweli, 92.5%, na kingo zote nne ni laini. Hapo ndipo penye mtego, maana hakuna bandia hata moja, ila peni tatu si ya Maundy! Peni tatu ya kawaida ya enzi ya Victoria, ile watu waliyonunulia mkate, ina uzito uleule, kichwa kilekile, tarakimu 3 ileile chini ya taji. Mizani itakuambia nini?

Tofauti inajulikana kwa uso wa sarafu tu. Kwenye Maundy, sehemu tupu kati ya kichwa na maandishi hung'aa kama kioo, na herufi zina ncha kali. Ile ya matumizi ya kawaida imelika nywele juu ya sikio la Malkia. Huyu mshenzi ameisugua ing'ae, ndiyo maana ina weupe mfu na michirizi ya kitambaa inayoelekea upande mmoja, huku wenzake watatu wana weusi wa samawati. Sarafu zilizolala pamoja zaidi ya miaka mia huzeeka kwa rangi za kufanana.

Kisanduku nacho si ushahidi. Wazee waliogawiwa walipewa sarafu kwenye mfuko wa ngozi, na visanduku vitupu huuzwa peke yake. (Peni nne yenye Britannia, yule mwanamke aliyeketi na ngao, na kingo za mistari, hiyo si Maundy kabisa, msibishane naye, ondokeni.)

Arudishe hela za watu, na wenye soko wamnyang'anye meza. Jumamosi alikuwa na seti nyingine mbili, 1884 na 1886, na zote mbili peni tatu ndiyo nyeupe kuliko zote.