Kibao cha taa cha mabadiliko: kipime kwa kamera kabla ya kukinunua

Vibao vya taa vya pande mbili, vile anavyoinua mwamuzi wa akiba kuonyesha namba ya mchezaji anayetoka na ya anayeingia, vinauzwa kwa sifa ya kung'aa. Mwanga ni muhimu, lakini tangu vilipoingia Kombe la Dunia mwaka 1998 kule Ufaransa, kazi yake imekuwa mbili: mchezaji aliye upande wa pili wa uwanja aisome namba, na aliyekaa sebuleni aisome ileile. Kazi hii ya pili ndiyo inayovishinda vibao vingi vya bei rahisi.

Tatizo liko kwenye namna taa zinavyowashwa. Ili kupunguza nyaya na chipu, kiwanda hupanga taa ziwake kwa zamu, kwa kasi ambayo jicho halitambui. Kamera inatambua. Mechi ya saa 10 jioni, jua bado kali, mpiga picha huenda akaifungua lenzi kwa sekunde 1/1000 tu, na katika kipande hicho cha muda baadhi ya taa zimezimika. Hapo 8 hutokea kama 6, 9 au hata 0, na 7 ikikosa mstari wa juu inabaki 1. Mtangazaji anayetegemea skrini anamtaja mtu ambaye bado yuko uwanjani, na usiku kipande hichohicho kinarudiwa kwenye taarifa ya habari za michezo na kosa lake.

Kwa hiyo kipime dukani. Washa 88 pande zote mbili, kitoe nje juani, kirekodi kwa simu kwa mwendo wa pole, fremu 240 kwa sekunde, halafu tazama taratibu. Mistari myeusi ikipita juu ya namba, au kipande cha tarakimu kikipotea na kurudi, usikinunue. Namba 88 inafaa pia kugundua taa zilizokufa, kwani ndiyo pekee inayowasha vipande vyote 14 vya tarakimu mbili, saba kwa kila moja. Usisahau upande wa nyuma: kamera kuu ikiwa jukwaani nyuma ya mabenchi, huo ndio upande unaoonekana kwenye runinga.

La pili ni kumbukumbu ya kibao. Tangu 2022 sheria imeruhusu mashindano kutumia wachezaji wa akiba watano, ila timu hupewa nafasi tatu tu za kufanya mabadiliko mchezo ukiendelea, mapumziko hayahesabiwi. Ndiyo maana makocha huingiza wawili au watatu kwa mpigo. Kibao kinachobeba jozi moja tu, yaani namba ya anayetoka na ya anayeingia, kinamlazimisha mwamuzi abonyeze vitufe wakati mpira umesimama na kocha anamfokea sikioni, na 15 inageuka 51. Chukua kinachohifadhi angalau jozi tatu na kuzipitisha kwa kitufe kimoja, ili namba ziingizwe mapema kutoka kwenye karatasi ya mabadiliko. Hakikisha hivi: ingiza jozi tatu, onyesha dakika za nyongeza, kisha rudi uone kama jozi bado zipo. Skrini ndogo karibu na mpini nayo ina thamani kubwa, maana aliyeinua kibao juu ya kichwa hasomi upande wowote.

Uzito usizidi kilo 3. Mabadiliko ya watu watatu ni muda mrefu kwa mikono iliyonyooka juu, na namba inayotikisika haisomeki. Uso uwe wa plastiki isiyong'aa. Ile ya kung'aa hurudisha jua la jioni na kuifunika namba nyekundu ya anayetoka.

Mvua huingilia kwenye tundu la chaji, basi tafuta chenye kifuniko cha mpira kinachobana. Betri ya lithiamu ichajiwe usiku wa kuamkia mechi, na ligi ikisimama iachwe na chaji ya nusu. Ikihifadhiwa tupu miezi miwili inaweza isiamke tena.

Kwa ligi za ndondo, zile za mitaani, zinazochezwa mchana, kibao cha kufunua namba kwa mkono kinatosha kabisa. Hakina betri, na kamera haiwezi kukikosea. Hata wenye cha taa wawe nacho nyuma ya meza ya mwamuzi wa akiba, kadi zake za namba zimepangwa tayari.